Mfalme Aliyeshinda, Akaomba Amani

Mtawala hupimwa siku ya hatari. Mmoja aliyepimwa hivyo ni Moshoeshoe, mwanzilishi wa taifa la Wabasotho, ambalo nchi yake leo huitwa Lesotho.

Tangu mwaka 1824 alikaa na watu wake juu ya mlima Thaba Bosiu. Mwaka 1833 aliwapokea wamisionari kutoka Ufaransa, akawafanya pia washauri wake katika mambo ya wageni.

Desemba 1852 Gavana wa Kiingereza, Jenerali Cathcart, alimjia na jeshi, akidai ng'ombe 10,000 na farasi 1,000 kwa siku tatu. Moshoeshoe alipeleka ng'ombe 3,500. Gavana hakuridhika, akashambulia tarehe 20. Wabasotho walipigana kiume, na jeshi likarudi nyuma.

Mwingine angalijisifu. Yeye usiku uleule alimpelekea Gavana barua ya unyenyekevu, kana kwamba ndiye aliyeshindwa, akiomba amani. Alijua kwamba mwenye nguvu akiaibishwa hurudi na nguvu zaidi. Gavana akapata njia ya kuondoka kwa heshima, naye akaondoka.

Baadaye Makaburu walipomnyang'anya ardhi, aliomba ulinzi wa Waingereza walewale, akaupata mwaka 1868. Alifariki mwaka 1870. Ardhi nyingi ilipotea, lakini taifa lilisalia, likapata uhuru mwaka 1966.

Ndugu zangu, tunapowaombea viongozi wetu, tuwaombee ushujaa. Tena tuwaombee moyo wa kujishusha hata siku ya ushindi.