Fundi wa Kyoto na michezo iliyozikwa ingali hai

Nikilitaja jina la Gunpei Yokoi mbele ya vijana wapendao michezo ya video, wengi hunitazama kana kwamba nimetaja mtaa wasioujua. Hata hivyo, kazi ya mtu huyo imepita katika viganja vya mamilioni ya watu ulimwenguni. Na wale wachache wanaolijua jina lake hupenda kumkumbuka kwa jambo moja tu, nalo ni mtambo ulioitwa Virtual Boy, uliotolewa mwaka 1995 na kutoweka madukani kabla haujakaa vizuri. Leo nataka kusimulia maisha ya marehemu huyo, na papo hapo niwatetee wana wa mtambo wake, yaani michezo iliyochezwa humo, ambayo kwa maoni yangu ilihukumiwa pasipo kusikilizwa.

Bwana Yokoi alizaliwa tarehe 10 Septemba 1941 katika mji wa Kyoto nchini Japani. Alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha mjini humo humo, na mwaka 1965 akaajiriwa na kampuni ya Nintendo. Msomaji asidhani kwamba wakati huo Nintendo ilikuwa ikitengeneza michezo ya video. La hasha. Ilikuwa kampuni ya karata, iliyoanzishwa mwaka 1889, na kazi ya kijana huyu ilikuwa kutunza mashine za kiwandani.

Kwa vile mashine hazikuharibika kila siku, alipata nafasi ya kujiundia kichezeo, mkono wa kukunjwa na kukunjuliwa ambao uliweza kushika kitu kilicho mbali. Mkuu wa kampuni, Bwana Hiroshi Yamauchi, aliuona mkono huo. Badala ya kumfukuza fundi anayecheza kazini, alimwagiza auboreshe ili uuzwe. Ulitoka mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand, ukauzwa zaidi ya milioni moja. Tangu siku hiyo fundi wa mashine akawa fundi wa vichezeo.

Bwana Yokoi alikuwa na fikra moja aliyoishikilia maisha yake yote. Aliamini kwamba mtengenezaji wa vichezeo hana haja ya kukimbilia ufundi mpya na wa ghali. Heri achukue ufundi uliokwisha kuzoeleka, ulioshuka bei, kisha autumie kwa njia ambayo hakuna aliyeifikiria. Inasimuliwa kwamba siku moja akiwa ndani ya garimoshi alimwona abiria aliyechoka na safari akibonyezabonyeza kikokotoo ili kupitisha wakati. Ndipo alipowaza kuhusu mchezo mdogo wa mfukoni, wenye kioo kama kile cha kikokotoo. Mwaka 1980 vikatoka vichezeo vya Game & Watch, vilivyokuwa mchezo na saa kwa pamoja, na vikauzwa zaidi ya milioni 40. Katika kimoja cha mwaka 1982, kile cha Donkey Kong, aliweka kitufe chenye umbo la msalaba cha kuongozea kwa kidole gumba. Kitufe hicho kimeigwa karibu kila mahali tangu hapo. Wale wanaokumbuka vile vidude vya plastiki vya kupanga matofali vilivyouzwa mitaani kwetu miaka ya 1990 waliishika fikra hiyo hiyo ya kioo rahisi na betri, ingawa havikuwa vyake.

Kilele cha kazi yake kilikuwa Game Boy, iliyotolewa Japani tarehe 21 Aprili 1989. Kioo chake hakikuwa na rangi, kilikuwa na ukijani uliofifia tu. Washindani wakaja na vioo vya rangi nyingi na wengi wakadhani Game Boy imekwisha. Lakini Game Gear ya kampuni ya Sega ilimaliza betri sita kwa saa chache, hali Game Boy ilikwenda kwa betri nne saa kumi na zaidi. Mzazi anayenunua betri alijua ipi ya kuchagua. Pamoja na ile ya rangi iliyofuata mwaka 1998, Game Boy iliuzwa zaidi ya milioni 118.

Sasa tufike penye kidonda. Virtual Boy ilitolewa Japani Julai 1995, na Marekani mwezi uliofuata. Ulikuwa mtambo uliosimama mezani kwa miguu miwili, na mchezaji alilazimika kuinama na kuuingiza uso wake ndani, mithili ya mtu anayechungulia kisima. Ndani, kila jicho lilikuwa na safu ya vitaa vidogo 224 na kioo kilichotikisika upesi mno, hata ule mstari mmoja wa mwanga ukaonekana kuwa picha nzima. Kwa kuwa kila jicho lilipewa picha yake, vitu vilionekana vingine karibu na vingine mbali. Rangi ilikuwa moja tu, nyekundu juu ya weusi, kwa sababu vitaa vyekundu ndivyo vilivyokuwa rahisi na visivyokula betri nyingi. Mnaona kwamba fundi hakuiacha imani yake.

Safari hii imani hiyo ilimponza. Watu walilalamika kuumwa na kichwa na shingo, na onyo lilitolewa kwamba watoto walio chini ya miaka 7 wasiutumie. Mtambo haukubebeka kama Game Boy. Kwa jumla iliuzwa kama 770,000 tu. Nintendo iliacha kuuza Japani mwisho wa mwaka huo huo, na Marekani mwaka 1996. Michezo iliyotolewa ilikuwa 22 peke yake, na minane kati yake haikutoka nje ya Japani.

Mimi niliuchungulia mtambo huo kwa jamaa aliyerudi kutoka Marekani, na hapo ndipo nilipofahamu kwa nini michezo yake haikupata wateja. Game Boy ikichezwa, walio nyuma ya mchezaji huona na kutamani. Virtual Boy ikichezwa, walio kando huona kisogo cha mtu tu. Uzuri wote wa michezo hiyo ulikuwa katika kina cha picha, na kina hicho hakikuweza kuonyeshwa gazetini wala katika televisheni. Ni sawa na kuuza pilau huku mnunuzi amezibwa pua.

Chukueni Virtual Boy Wario Land, uliotoka mwishoni mwa 1995. Wario, yule mnene mwenye tamaa, yuko Amazon na anagundua hazina katika pango lililo nyuma ya maporomoko ya maji. Anaanguka chini ya ardhi na inambidi apande hadi juu. Uhondo wake ni kwamba anaruka kutoka mbele ya picha hadi nyuma kabisa, kisha anarudi, nawe unapaswa kuangalia pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ulitoka hali mtambo wenyewe unakata roho, na kwa hiyo wachache sana waliucheza. Kwangu mimi hauoni haya kusimama kando ya michezo bora ya Game Boy.

Teleroboxer ni ndondi za roboti, ambapo mikono miwili ya mchezaji inaongoza ngumi mbili, kila moja kwa kitufe chake cha msalaba. Jack Bros., wa kampuni ya Atlus, ni wa kukimbizana na saa. Ukiguswa na adui hupotezi damu, unapotezewa sekunde, na sekunde zikiisha umekwisha. Red Alarm huchorwa kwa mistari mitupu, lakini ukirusha ndege yako katikati ya kuta zile unasahau kwamba hakuna rangi. Sisemi kwamba yote 22 ni mizuri. Mingine ni mibovu na ilistahili kusahauliwa. Ninachokataa ni ile hukumu ya samaki mmoja akioza wote wameoza.

Bwana Yokoi aliondoka Nintendo Agosti 1996, baada ya miaka 31. Watu wakasema amefukuzwa kwa aibu ya Virtual Boy. Yeye alikanusha, akieleza kwamba alikuwa amekusudia kujitegemea. Alianzisha kampuni ndogo iliyoitwa Koto, akaanza kushirikiana na Bandai kuunda chombo kipya cha mkononi. Hakukiona kikitoka. Tarehe 4 Oktoba 1997, katika barabara kuu ya mkoa wa Ishikawa, gari alimokuwa lilipata ajali. Aliposhuka kuangalia, gari jingine likamgonga, akafariki akiwa na umri wa miaka 56. Chombo hicho, WonderSwan, kilitolewa Machi 1999. Kilitumia betri moja tu, na mmoja wa michezo yake ulipewa jina lake, Gunpey.

Mwezi Septemba 2025 Nintendo yenyewe ilitangaza kwamba michezo ya Virtual Boy ingerudishwa kwa wenye mtambo wa Switch kuanzia Februari 2026, pamoja na kifaa cha kuchungulia kinachofanana na kile cha kale. Hukumu iliyochukua miezi michache kutolewa imechukua miaka 30 kusikilizwa upya. Aliyeiunda hayupo kuitika. Nawashauri vijana, mkipata nafasi, ingizeni nyuso zenu mle ndani japo kwa dakika kumi, muanze na Wario, ndipo mseme kama marehemu alikosea au la.