Abu Rayhan al-Biruni na Nuru Hafifu ya Mbingu

Ndugu msomaji, miongoni mwa wanavyuoni wa Kiislamu walioziangalia mbingu kwa ilimu ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni, aliyezaliwa Kath, katika nchi ya Khwarazm, mwaka 362 Hijria, yaani 973 Miladia.

Tokea ujanani alishughulika na kupatwa kwa jua na mwezi. Mwaka 997 aliwekeana miadi na Abul-Wafa, aliyekuwa Baghdad, wauangalie mwezi ukipatwa, kila mmoja katika mji wake. Walipolinganisha nyakati wakaona tafauti ya kadiri ya saa moja, na kwa hiyo ukajulikana umbali wa miji hiyo kwa upande wa mashariki na magharibi.

Jua nalo alilitazama likipatwa hata macho yake yakadhoofika. Ndipo akausia kwamba litazamwe sura yake katika maji, wala lisikabiliwe kwa macho. Mwaka 1019, huko Lamghan, katika nchi iitwayo leo Afghanistan, aliliona likichomoza na hali kadiri ya thuluthi yake imefunikwa, akaandika alichokiona.

Lakini kazi yake inayotugusa zaidi ni kuipima nuru hafifu itanguliayo jua. Katika kitabu chake al-Qanun al-Masudi alizipambanua daraja za alfajiri. Kwanza huja weupe mwembamba mrefu, ambao Waarabu waliufananisha na mkia wa mbwa-mwitu, nao ndio alfajiri ya uongo. Kisha huja weupe unaotanda katika upeo wa macho, nao ndio alfajiri ya kweli, kisha wekundu. Akaeleza kwamba alfajiri huingia jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo huo. Hata leo kalenda nyingi za Sala zimejengwa juu ya hesabu hiyo au iliyo karibu nayo.

Alifariki Ghazna karibu na mwaka 440 Hijria.

Tuzingatie basi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba jua halipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, akaamrisha Sala. Je, inamstahili Muislamu, jua likipatwa, kumkimbilia mpiga ramli? Na mwenye kutia nia ya saumu, akaanza kuizuia nafsi yake kwa saa iliyoandikwa kalendani, ajue kwamba nyuma ya saa hiyo kuna watu waliokesha wakiitazama mbingu. Tuwasomeshe watoto wetu ilimu hiyo pamoja na fiqhi, kwani hii haikamiliki katika nyakati zake bila ya ile.