Habari za Maisha ya Daktari Robert Koch

Mara nyingi twasoma habari za waganga wakuu wa Ulaya, tukadhani ya kuwa mambo yao yote yalitendeka mbali nasi. Habari za Robert Koch si hivyo. Mtu huyu alipima damu ya wagonjwa Dar es Salaam, alisafiri katika njia ya misafara iendayo Iringa, akakaa zaidi ya mwaka mzima katika visiwa vya Sese, ndani ya ziwa la Viktoria. Huko Sese aliwatendea watu mema, tena aliwadhuru. Nasi hatutaki kuficha hata moja katika hayo mawili.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, kwenye milima ya Harz, mahali pa wachimba madini. Nyumba yao ilikuwa na watoto wengi. Akasoma uganga katika chuo cha Göttingen, akamaliza mwaka 1866, na tangu 1872 akawa mganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein. Mchana aliwaangalia wagonjwa wake, na saa zilizobaki aliinama juu ya hadubini, kile chombo chenye vioo vya kukuza vitu visivyoonekana kwa macho.

Siku zile ng'ombe na kondoo wa wilaya ile walikufa kwa kimeta. Koch alichukua kibanzi cha mti, akakichovya katika damu ya mnyama aliyekufa, akamchoma nacho panya. Panya akafa, na damu yake ikawa imejaa vijidudu kama vijiti vyembamba. Akatwaa damu ya panya yule akamtia mwingine, na mwingine tena. Kisha akavikuza vijidudu vile katika maji ya jicho la ng'ombe, akikaa na kuvitazama saa nyingi. Ndipo alipoona ya kuwa hugeuka kuwa kama mbegu ngumu, nazo mbegu hizo hukaa udongoni miaka mingi pasipo kufa. Hivyo ilijulikana kwa nini malisho alipozikwa ng'ombe wa kimeta huweza kuua tena baadaye. Mwaka 1876 akazichukua kazi zake mpaka Breslau, akawaonyesha wakuu wa elimu, nao wakastaajabu kwamba mganga wa mji mdogo, asiye na mwalimu wala msaidizi, amefanya jambo kubwa kama hili.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin. Huko alivumbua njia ya kuotesha vijidudu vya aina moja moja, kwanza juu ya kipande cha kiazi kilichopikwa, ili visichanganyike. Kisha akautafuta mdudu wa kifua kikuu, ugonjwa ulioua mtu mmoja katika kila saba wa siku zile. Vijidudu hivi havionekani mpaka vitiwe rangi maalumu, navyo huota polepole mno. Wengi wangalivitupa baada ya siku chache wakisema hakuna kitu. Yeye alingoja. Tarehe 24 Machi 1882 aliwaeleza waganga wa Berlin aliyoyaona, akawawekea hadubini zake mezani wajionee wenyewe.

Mwaka uliofuata kipindupindu kilitokea Misri, akatumwa Aleksandria. Wafaransa nao walikuwa wametuma waganga wao, na kijana mmoja wao, Louis Thuillier, akashikwa na ugonjwa ule akafa. Mataifa haya mawili yalikuwa yamepigana vita si zamani sana, hata hivyo Koch alikuwa miongoni mwa waliolichukua jeneza lake. Kutoka Misri akaenda Kalkuta, akamfuata mdudu wa kipindupindu mpaka katika madimbwi ambayo watu walioga na kuchota maji ya kunywa.

Basi mtu huyu sifa yake ilikuwa macho na saburi. Lakini mwaka 1890 alifanya haraka. Alitangaza ya kuwa amepata kitu cha kuzuia kifua kikuu, akakificha jinsi kilivyotengenezwa. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka nchi nyingi, wengine wakiwa karibu na kufa. Dawa ile, iitwayo tuberkulini, haikuponya. Wengine ilizidisha ugonjwa wao, wengine walikufa. Baadaye ilifaa kwa kupimia kama mtu au ng'ombe ameambukizwa, lakini aibu ilibaki. Tena watu walimsema sana alipoachana na mke wake na kumwoa msichana mdogo kuliko yeye kwa miaka mingi, mwaka 1893.

Tangu 1896 aliiacha Ulaya mara kwa mara. Alikwenda Afrika ya Kusini kwa ajili ya sotoka ya ng'ombe, kisha Bombay kwa ajili ya tauni, na mwaka 1897 akafika Dar es Salaam. Hapo alipima damu ya watu wenye malaria, na mwaka 1898 alitambua ya kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu wa Kiziba, karibu na Bukoba, ni tauni ile ile aliyoiona Bara Hindi. Nasi twapenda sana habari moja aliyoiandika katika safari hiyo. Watu wa milima ya Usambara walimweleza kwamba wakishuka tambarare huumwa na mbu, kisha hushikwa na homa, nao waliiita homa hiyo kwa jina lile lile, mbu. Wazee wale walikuwa wamelijua jambo ambalo wataalamu walikuwa bado wakilitafuta kwa hadubini.

Alirudi mwaka 1905 kuchunguza homa ya papasi. Aliwakuta papasi katika udongo wa vibanda vya njiani walimolala wapagazi, akawapasua, akaona vijidudu vya homa hata ndani ya mayai yao. Yaani mama huwarithisha watoto, na kibanda hubaki na hatari. Mwishoni mwa mwaka huo alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Mwaka 1906, naye ana miaka 62, akatumwa kwa ajili ya malale. Ugonjwa huo ulikuwa umeua watu zaidi ya 200,000 kando ya ziwa upande wa Uganda katika miaka michache tu. David Bruce alikwisha kuonyesha mwaka 1903 ya kuwa huletwa na mbung'o wakaao vichakani ufukoni. Koch alipitia Amani katika Usambara, akafika Mwanza, na kwa kuwa wagonjwa walikuwa wengi zaidi Sese, chini ya Waingereza, akaomba ruhusa akavuka.

Alikuwa na dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Aliwachoma wagonjwa kwa nusu gramu, na baada ya saa chache vijidudu vilitoweka katika tezi za shingo. Waliobebwa kuletwa kwake walianza kusimama na kula. Habari zikaenea visiwani, wakaja kwa mamia. Lakini baada ya muda vijidudu vilirudi. Ndipo akaongeza dawa mpaka gramu nzima. Wagonjwa wakapata maumivu na kizunguzungu, na watu zaidi ya 20 wakapofuka, wala hawakuona tena. Koch akairudisha dawa kwenye nusu gramu, akaendelea nayo.

Wako wasemao kwamba wagonjwa wale wangalikufa vivyo hivyo. Ni kweli, malale isipotibiwa huua. Hata hivyo twaona uchungu. Yule aliyengojea kijidudu cha kifua kikuu kiote hakungoja kujua kiasi cha sumu ambacho macho ya mtu yaweza kuvumilia. Na jambo la Berlin la mwaka 1890 lilikuwa limekwisha kumfundisha haraka huleta nini. Katika vitabu tuvisomavyo jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Majina ya vipofu wa Sese hayamo.

Aliondoka Afrika mwishoni mwa mwaka 1907. Mashauri aliyoyaacha yalikuwa kufyeka vichaka vya ufukoni, kuwatenga wagonjwa katika kambi, na hata kuwaua mamba, kwa kuwa aliona mbung'o wakinyonya damu yao. Katika kambi za upande wa Bukoba wagonjwa wengi walitoroka, wakiogopa sindano na kukaa mbali na jamaa zao.

Koch alikufa Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, kwa ugonjwa wa moyo, na majivu yake yakawekwa Berlin katika nyumba ya utafiti iliyojengwa kwa ajili yake. Siku zile visiwa vya Sese vilikuwa vitupu. Waingereza walikuwa wamewahamisha watu wote waliosalia, waponao na wagonjwa, na migomba yao ikamezwa na msitu. Miaka mingi ikapita kabla wenyewe hawajaruhusiwa kurudi.