Edgar Sengier, Mbelgiji aliyehamisha urani ya Katanga

Wafuaji wa Katanga waliyeyusha shaba na kuitengenezea misalaba ya kufanyia biashara karne kadhaa kabla ya Wabelgiji kufika. Katika eneo hilo, mnamo 1915, Mwingereza Robert Sharp aligundua urani mahali paitwapo Shinkolobwe, karibu na Likasi.

Sengier, mzaliwa wa Kortrijk mwaka wa 1879 na mhandisi wa migodi, aliiongoza kampuni ya Union Minière iliyomiliki mgodi huo. Enzi hizo kilichotafutwa ni radiamu ya kutibu saratani. Urani yenyewe ilikaribia kuwa makapi. Mgodi ulifungwa mwaka wa 1937, maji yakaujaa.

Mnamo Mei 1939, jijini London, mwanasayansi Henry Tizard alimtahadharisha kuhusu maangamizi ambayo yangetokea endapo adui angeyapata mawe hayo. Onyo lilimwingia. Mwaka wa 1940 aliagiza takriban tani 1,200 zipelekwe New York, zikahifadhiwa kisiwani Staten ndani ya mapipa zaidi ya 2,000. Zilikaa huko hadi Septemba 1942, afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alipomwendea kuzinunua.

Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoteketeza Hiroshima mwaka wa 1945 ilitoka Shinkolobwe. Wachimbaji Waafrika walioyachambua mawe yake kwa mikono hawakuambiwa yalikokuwa yakienda.

Sengier alitunukiwa nishani na Marekani mwaka wa 1946, akafariki Cannes mwaka wa 1963. Madini ya kijani ya Katanga, yaliyochanganya urani na shaba, yaliitwa sengieriti.