Mtakatifu Vinsenti wa Paulo: Kazi Ilikuwa Ile Ile, Aliyebadilika ni Mtu

Kila mwaka tarehe 27 Septemba Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Parokia zetu nyingi zina chama chenye jina lake, na wanachama wake tunawaona wakikusanya michango Jumapili, kisha katikati ya juma wakiingia nyumba za wagonjwa na wajane. Kwa sababu hiyo wengi tumemzoea kama mzee mpole mwenye mtoto mchanga mikononi, kama anavyochorwa. Picha hiyo ni ya kweli, ila inaonyesha mwisho wa safari. Vinsenti hakuzaliwa mpole, wala hakuingia upadre kwa ajili ya maskini. Ndugu msomaji, ukiwa frateri unayejiandaa kwa daraja takatifu, au ukiwa mwalimu, muuguzi au karani anayeshinda na watu kutwa nzima, mwanzo wa safari yake unakuhusu zaidi kuliko mwisho wake.

Kijana aliyemwonea haya baba yake

Alizaliwa mwaka 1581 katika kijiji cha Pouy, karibu na mji wa Dax, kusini magharibi mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima wenye watoto sita, na Vinsenti alichunga mifugo kama watoto wengine wa kijiji. Baba yake alipoona kijana ana akili, alimpeleka shule Dax. Inasimuliwa kwamba baadaye mzee huyo aliuza ng'ombe wake wa kulimia ili mwanawe aendelee na masomo Toulouse.

Siku zile, mtoto wa mkulima akiwa padre alikuwa tumaini la ukoo mzima. Angepata parokia au abasia yenye mapato mazuri, kisha awainue ndugu zake. Vinsenti aliupokea mtazamo huo bila kuuhoji. Siku moja baba yake alifika shuleni kumwona. Mzee alikuwa anachechemea, na nguo zake zilikuwa za mtu wa shamba. Kijana aliona aibu mbele ya wenzake, akakataa kwenda kuzungumza naye. Jambo hilo alilisimulia mwenyewe uzeeni, kwa majuto.

Alipadrishwa Septemba 1600, akiwa na miaka 19 tu, umri mdogo kuliko uliowekwa na Mtaguso wa Trento. Miaka iliyofuata aliitumia kutafuta nafasi. Mwaka 1608 alifika Paris, na mwaka 1610 alimwandikia mama yake akimpa matumaini kwamba karibu atapata cheo cha kumwezesha kurudi nyumbani na kuishi karibu naye siku zake zote zilizobaki. Hakuwa ametimiza miaka 30, na tayari aliwaza kupumzika.

Hakuwa padre mbaya. Alisoma, alisali, aliadhimisha Misa. Lakini mtu anayeuona upadre kama ngazi, watu wa Mungu huwa kwake vipandio vya ngazi hiyo.

Nyumba ya tajiri na mkulima mgonjwa

Mambo mawili yalianza kumtikisa. La kwanza, huko Paris alisingiziwa wizi. Hakimu mmoja aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja alipotewa na fedha nyingi, akamtangaza Vinsenti kuwa mwizi. Yeye alikana mara moja, akanyamaza. Miaka ilipita kabla ya mwizi wa kweli kukiri. Kwa hiyo Vinsenti alijua katika mwili wake mwenyewe maana ya kuonwa vibaya na watu wenye hakika kwamba wanaona sawasawa. La pili, mwaka 1612 alipewa parokia ya Clichy, ya watu wa kawaida, na kwa mara ya kwanza akafurahia kuwa padre.

Hata hivyo, mwaka uliofuata alihamia katika nyumba ya familia ya de Gondi, mmoja wa mabwana wakubwa wa Ufaransa, kuwafundisha watoto wao. Hapo hulka yake ilionekana wazi. Kwa asili alikuwa mwepesi wa hasira na mwenye huzuni nzito. Kulikuwa na siku alizofunikwa na ukimya, na akijibu, anajibu kwa mkato. Mama mwenye nyumba alipata wasiwasi, akidhani padre ana kinyongo naye au na nyumba yake. Vinsenti hakuwa na kinyongo na mtu. Alidhani huzuni yake ni jambo lake mwenyewe, kumbe nyumba nzima ilikuwa inaibeba.

Januari 1617 aliitwa kumhudumia mkulima mgonjwa mahututi katika kijiji cha Gannes. Kijijini wote walimjua mgonjwa huyo kama mtu mwema. Padre angeweza kumsikiliza haraka, kumpa mafuta na kuondoka. Vinsenti alimshauri aungame maisha yake yote. Mzee akatoa mambo mazito ambayo kwa aibu alikuwa ameyaficha miaka mingi, kisha akatangaza kwa furaha mbele ya mama de Gondi kwamba bila maungamo yale angepotea. Mama huyo alishtuka: kama anayesifiwa yuko hivi, wengine je? Tarehe 25 Januari, katika kanisa la Folleville, Vinsenti alihubiri juu ya maungamo ya maisha yote. Watu walifurika hata ikabidi Wajesuiti waitwe kutoka Amiens kusaidia.

Wakulima hao hawakuwa wageni. Aliishi kwenye mashamba ya familia hiyo tangu mwaka 1613, na walikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni kwamba sasa aliwaona.

Agosti ya mwaka huo huo, akiwa paroko wa Châtillon, aliambiwa kabla ya Misa kwamba kuna familia nje ya mji ambayo wote ni wagonjwa na hakuna wa kuwahudumia. Alilitaja katika homilia. Alasiri barabara ilijaa watu waliobeba chakula. Wengi wangefurahi na kuishia hapo. Vinsenti aliona kasoro: leo chakula kitazidi na kuoza, kesho watalala njaa. Ndani ya siku chache aliwakusanya akina mama, wakapangiana zamu, na baadaye akawaandikia kanuni. Hivyo kilizaliwa chama chake cha kwanza cha upendo.

Kuifanyia kazi hulka

Kuona upya hakukumaliza hasira. Vinsenti alijijua, na hakusema kama wengi wetu tusemavyo, kwamba ndivyo nilivyoumbwa, mnizoee. Katika miaka ya 1618 na 1619 alikutana Paris na Mtakatifu Fransisko wa Sale, askofu wa Geneva, na upole wake ukamgusa sana. Akiwa mafungoni huko Soissons alimwomba Mungu amwondolee ukavu na ukali, ampe moyo mpole.

Kazi yenyewe ikawa shule yake. Mwaka 1619 aliteuliwa kuwa padre mkuu wa merikebu za kifalme za makasia, ambazo wapiga makasia wake wengi walikuwa wafungwa wenye minyororo. Alikuja kuwaeleza wenzake kwamba kila alipowasemea wafungwa wale kwa ukali, aliharibu kila kitu. Alipowahurumia na kuibusu minyororo yao, ndipo walipomsikiliza. Hata hivyo aliteleza hadi uzeeni. Akiwa mkuu wa shirika, alipomjibu ndugu vibaya, alipiga magoti na kuomba radhi.

Karibu mwaka 1623 aliwatembelea ndugu zake kijijini. Alipoondoka alilia njiani, na kwa miezi kadhaa moyo ulimvuta kuutumia upadre kuwatoa kwenye umaskini. Mtazamo wa zamani ulikuwa bado hai. Alisali mpaka ukamwachia.

Matunda katika kazi

Mwaka 1625 alianzisha Shirika la Misioni kwa ajili ya watu wa vijijini. Mwaka 1628, kwa ombi la askofu wa Beauvais, aliongoza mafungo ya vijana waliokuwa karibu kupadrishwa, na kuanzia hapo malezi ya mapadre yakawa sehemu kubwa ya kazi yake. Aliyekimbilia upadre kwa pupa ndiye aliyewasaidia wengine wasiukimbilie hivyo.

Namna yake ya kuwaona watu ilionekana zaidi kwa wale aliofanya nao kazi. Luisa wa Marillac alikuja kwake akiwa mjane aliyezongwa na wasiwasi. Mwingine angemwona kuwa mzigo. Vinsenti alimsikiliza kwa uvumilivu, na mwaka 1629 akamtuma kukagua vyama vya upendo vijijini. Luisa akawa kiongozi hodari. Akina mama wa tabaka la juu walipoona shida kwenda wenyewe kwa maskini na kuanza kuwatuma watumishi, alijitokeza Marguerite Naseau, binti wa shamba aliyejifundisha kusoma huku akichunga ng'ombe. Vinsenti na Luisa waliona kwamba mabinti kama huyo ndio wanaofaa. Mwaka 1633 wakaanzisha Mabinti wa Upendo, masista ambao uwanja wao wa kazi ulikuwa mitaa na nyumba za wagonjwa. Aliwafundisha kwamba maskini, hata akiwa mchafu na mkali, akitazamwa kwa imani ni Kristo, naye ndiye bwana wetu.

Vinsenti alifariki Paris tarehe 27 Septemba 1660, ameketi kwenye kiti. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1737, na mwaka 1885 Papa Leo XIII alimfanya msimamizi wa vyama vya huduma za upendo.

Ndugu msomaji, padre wa mwaka 1610 na padre wa mwaka 1660 ni mtu mmoja, mwenye daraja lile lile na damu ile ile ya moto. Hulka alizaliwa nayo, lakini aliiombea na kuiombea radhi. Mtazamo alirithi, lakini aliuhoji. Na watu aliokuwa akipishana nao kila siku alijifunza kuwatazama upya. Sisi nasi tunao: mpishi wa jikoni, mlinzi wa getini, mgonjwa anayelalamika, mwenzetu wa ofisini ambaye tulishamhukumu siku nyingi. Kesho asubuhi kazi itakuwa ile ile. Tumwombe Mtakatifu Vinsenti atuombee ili tuanze kwa kumtazama vizuri mtu wa kwanza tutakayekutana naye, hata kama ni baba anayechechemea, amevaa nguo za shamba, anatutafuta.