Kivoi wa Mwendwa na Uongozi wa Msafara

Aghalabu mijadala ya uongozi katika mashirika na shule zetu huishia kwenye swali moja: mkuu awaachie walio chini yake uhuru kiasi gani kabla kazi haijasambaratika? Walimu wanaujua vyema mvutano huu. Idara ya Hisabati hutaka kujipangia mambo yake, ya Kiswahili vivyo hivyo, naye mwalimu mkuu hutaka shule nzima ielekee upande mmoja. Vitabu vya menejimenti tunavyoagiza kutoka ng'ambo hulijibu swali hilo kwa mifano ya viwanda vya Marekani na Japani. Mimi naona mfano ulio karibu zaidi ni maisha ya mtu mmoja wa Kitui aliyeuawa mwaka 1851.

Kivoi wa Mwendwa huitwa chifu katika vitabu vingi vya historia. Jina hilo linapotosha. Wakamba wa wakati wake hawakuwa na mfalme wala chifu. Machifu waliletwa na serikali ya kikoloni miongo kadhaa baada ya kifo chake. Kila utui, yaani maboma yaliyokuwa jirani, uliendesha shughuli zake wenyewe, na mashauri mazito yaliamuliwa na wazee wa nzama. Katika jamii ya namna hiyo hapakuwa na cheo ambacho Kivoi angeweza kurithi ili awaamuru wenziwe. Nguvu zake zilitokana na biashara.

Wakamba walikuwa wametoka vilima vya Mbooni, katika Makueni ya leo, wakavuka mto Athi na kuingia Kitui, nchi kavu yenye ndovu wengi na mvua haba. Njaa ilipobisha hodi, watu walikwenda kwa majirani kutafuta chakula kwa kubadilishana mali, safari ambazo Kikamba huziita kuthuua. Kutokana na mazoea hayo, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wakamba waliishika biashara ya pembe za ndovu baina ya bara na Mombasa. Walirudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba.

Misafara hiyo ilikuwa na mamia ya watu, na mwendo ulizidi kilomita 300. Mfanyabiashara aliyejiunga na Kivoi hakuwa mwajiriwa wake. Alikuja kwa hiari, na kwa hiari angeweza kumfuata kiongozi mwingine. Hata hivyo yapo mambo ambayo hayakuachiwa hiari ya mtu: siku ya kuondoka, njia ya kupita, mahali pa maji, na ulinzi dhidi ya Wamasai na Waoromo. Nadhani hapa ndipo ilipo siri ya Kivoi. Alibana machache, na machache hayo ndiyo yaliyookoa maisha nyikani. Mengine yote aliyaacha. Tusimpambe kupita kiasi, lakini. Miongoni mwa wafuasi wake walikuwamo watumwa, na kwao habari hizi za hiari hazikuwa na maana yoyote.

Mwishoni mwa mwaka 1849 alimpokea nyumbani kwake Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetoka Rabai akapitia Kikumbulyu, karibu na Kibwezi. Tarehe 3 Desemba Krapf aliuona kwa mbali mlima wenye theluji ambao Kivoi alikuwa amemsimulia. Aliuandika Kenia, na pengine Kegnia. Wanafunzi wa isimu watambue kwamba jina la nchi yetu lilipita katika matamshi ya Kikamba, Kĩnyaa, kabla ya kufika kwenye ramani za Ulaya.

Krapf alirudi mwaka 1851, akitaka kujenga kituo Yatta na kuujua mto Tana. Mwezi Agosti wakaondoka pamoja kuelekea mtoni, kila mmoja na lengo lake: Kivoi alikuwa na biashara zake huko, mgeni alitaka jiografia. Wakiwa karibu na mto walishambuliwa na wanyang'anyi. Msafara ukatawanyika, kila mtu akaokoa roho yake. Kivoi akauawa pamoja na wafuasi wake wa karibu.

Hapa uhodari wake unaonyesha ufa. Mafungamano ya msafara ule yalikuwa ndani ya mtu mmoja: urafiki na wakubwa wa Mombasa, mapatano na majirani wa ng'ambo ya Tana, hata imani kwamba aliweza kuleta mvua. Alipoanguka, hapakuwa na wa pili wa kusema tukutanie wapi.

Krapf alitangatanga akiwa na kiu na njaa, akatoroka usiku, akarejea Rabai. Kituo cha Yatta hakikujengwa. Katika miongo iliyofuata misafara ya Waswahili na Waarabu ilipanda bara yenyewe, na Wakamba wakapoteza nafasi yao ya kuwa wapatanishi wa biashara. Lakini kabla hajatoroka, Krapf alikabiliwa na jamaa za Kivoi. Hawakumshtaki kwa kumwua mwenyeji wake. Walimlaumu kwa kurudi hai ilhali aliyemwongoza amekufa, kwa kuwa machoni pao aliyeandamana na mtu njiani alikuwa na wajibu wa kumlinda, au kufa naye.