ELLEN WILKINSON NA SHERIA ZILIZOLALA KABATINI

Kuipitisha sheria Bungeni ni kazi. Kuitoa sheria hiyo kabatini na kuitafutia fedha ni kazi nyingine, na mara nyingi ndiyo iliyo nzito zaidi. Jambo hili alilijua vema Ellen Wilkinson, binti wa wafanyakazi wa Manchester, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Uingereza tangu 1945 hata alipofariki 1947.

Alizaliwa tarehe 8 Oktoba, 1891. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba, kisha akawa wakala wa bima. Katika wilaya zile za pamba mtoto wa miaka 12 aliweza kuandikwa kazi nusu ya siku kiwandani na nusu shuleni, na mara nyingi alisinzia darasani kwa uchovu. Ellen aliponea tundu la sindano: alijitahidi katika mitihani, na mwaka 1910 akapata msaada wa masomo wa kuingia Chuo Kikuu cha Manchester, akasoma historia. Wenziwe wa mtaani hawakuipata bahati hiyo, naye hakuisahau tofauti hiyo maisha yake yote.

Mwaka 1915 aliajiriwa na chama cha wafanyakazi wa maduka ya ushirika, kazi yake ikiwa kuwaandikisha na kuwatetea wanawake. Mwaka 1920 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Chama cha Kikomunisti cha Uingereza. Alikiacha 1924, na mwaka huo huo akachaguliwa Mbunge kwa tiketi ya Labour. Alikuwa mfupi wa kimo, mwenye nywele nyekundu, nao watu wakamwita Ellen Mwekundu kwa sababu zote mbili, ya nywele na ya siasa.

Aliposhindwa katika uchaguzi wa 1931 hakukata tamaa, na mwaka 1935 alirudi Bungeni akiwa Mbunge wa Jarrow, mji wa waunda meli. Kiwanda chao kilikuwa kimefungwa na wenye mali, na sehemu kubwa ya wanaume wa mji hawakuwa na kazi. Oktoba 1936 wanaume 200 walitembea kwa miguu hadi London, maili zipatazo 280, wakichukua ombi lililotiwa sahihi na watu zaidi ya 11,000. Ellen alifuatana nao sehemu kubwa ya njia, akalifikisha ombi lile Bungeni. Serikali ya siku hizo haikuwapa kitu cha maana.

Sasa tutazame sheria zenyewe. Mwaka 1918 Bunge la Uingereza lilikubali kwamba vijana walioacha shule wakiwa na miaka 14 waendelee kusoma saa kadhaa kila juma, hali wako kazini. Mwaka 1922 kamati ya kubana matumizi, chini ya mfanyabiashara Sir Eric Geddes, ilikata fedha za elimu, na mpango ule ukafa karibu kila mahali. Mwaka 1936 Bunge likapitisha sheria nyingine, ya kupandisha umri wa kuacha shule hata miaka 15, ianze tarehe 1 Septemba, 1939. Siku hiyo hiyo Hitler aliivamia Poland, na sheria ikawekwa kando. Basi mara mbili mtoto wa mfanyakazi alikuwa ameahidiwa, na mara mbili ahadi haikumfikia.

Mara ya tatu ilikuwa Sheria ya Elimu ya 1944. Hiyo iliamuru miaka 15, tena iliamuru vyuo vya wilaya, ambamo kijana wa kazini angesoma siku moja kila juma mpaka atimize miaka 18. Labour iliposhinda Julai 1945, Attlee alimkabidhi Ellen wizara ya kuitimiza. Alikuta shule zilizobomolewa kwa mabomu, na waalimu hawatoshi. Akajenga madarasa ya mabanda ya saruji, akaendeleza mafunzo ya haraka ya mwaka mmoja, ambayo hatimaye yalitoa waalimu kiasi cha 35,000. Mwaka 1946 maziwa ya bure yalianza kutolewa kwa watoto wote wa shule za serikali.

Hakuepuka lawama, na nyingine zilimstahili. Wabunge wa chama chake mwenyewe walimhoji kwa ukali kwa kuukubali utaratibu wa kuwagawa watoto kwa mtihani wakiwa na miaka 11, wachache waende shule za fahari na wengi shule za kawaida. Mtu aliyepanda kwa mtihani pengine huuamini mtihani kupita kiasi.

Lakini Januari 1947 alisimama imara. Nchi ilikuwa na upungufu wa fedha na wa watu wa kazi, na wakubwa wa uchumi katika Baraza la Mawaziri walitaka tarehe ya 1 Aprili iahirishwe. Ellen aliwajibu kwamba watoto wa wenye nacho walikwisha kubaki shuleni kupita miaka 14. Kuahirisha kungewaumiza watoto wa wafanyakazi peke yao. Alishinda. Kifua kilikuwa kikimsumbua, na majira ya baridi ya mwaka ule yalikuwa makali mno. Alifariki hospitalini tarehe 6 Februari, akiwa na miaka 55, kwa kuzidi kwa dawa alizokuwa akizitumia. Uchunguzi wa mahakama uliamua kuwa ni ajali.

Tarehe 1 Aprili, 1947, miaka 15 ikaanza kutumika kama alivyotaka. Miaka 16 ilingoja hadi 1972. Vyuo vya wilaya, vilivyoandikwa katika sheria ile ile, havikujengwa kama ilivyoamriwa; vijana waliokwisha kuingia kazini waliendelea kusoma jioni, wakiwa wamechoka, au kwa hisani ya tajiri aliyekubali kuwapa ruhusa ya siku moja.